Jua la Amu Hutangulia Kuzama

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya sala ya alasiri, hapa Amu, yaani Lamu, mbele ya vijana wanaongoja kuripoti vyuoni pamoja na wazazi wao. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa, hasa jamaa wa Faza na Kizingitini ambao mashua yao haikuweza kungoja. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masharifu na maustadhi, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Sikusikia. Hamjambo? Naam, sasa nimesikia.

Nina swali. Nani hapa amepangiwa chuo Kilifi? Inueni mikono. Mombasa? Haya, shusheni. Na waliopangiwa mbali: Kakamega, Meru, Kisii, Njoro, Eldoret? Inueni, msione haya. Wazazi, geukeni mtazame. Mmeona wanavyoinua? Wa Kilifi walinyoosha mkono juu kabisa. Hawa wa mbali wameufikisha usawa wa sikio, kama mtu aliyeitwa mbele kwa kosa.

Nawajua. Mwaka 2013 na mimi niliinua hivyo hivyo.

Mimi ni binti wa mvuvi. Baba yangu, wengi wenu mwamjua, amelea nyumba nzima kwa madema na jarife. Nilipopangiwa kusomea uvuvi, nyumbani tulifurahi. Tulipotazama ni wapi, tukanyamaza. Chuo kiko nje ya mji wa Eldoret. Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Baba alikuwa ameshika wavu uliochanika. Akaendelea kushona, kimya, matundu matatu manne. Kisha akauliza bila kuinua macho: "Mwanangu, samaki wa huko wapanda milima?"

Hakuwa anafanya mzaha. Lilikuwa swali la mtu aliyeumia. Maisha yake yote samaki wamekuwa mbele ya mlango wake, na sasa serikali inamwambia kwamba mtoto wake, ili awajue samaki, aipe bahari mgongo.

Ami yangu akasema, Kilifi pana chuo, kwa nini asihamishwe? Shangazi akasema binti hapelekwi pahali pasiposikika adhana. Na mimi? Mimi nilikuwa nataka kwenda, na nilikuwa naogopa, yote mawili kwa pamoja, na hakuna aliyeniambia kwamba yote mawili yaweza kukaa katika moyo mmoja. Basi nawaambia nyinyi leo. Yaweza.

Ndugu zangu, sisi watu wa Amu twajua kupokea mgeni. Hilo hatufundishwi na mtu. Lakini kuwa mgeni, je? Babu zetu walijua. Walipakia boriti za mikoko kwenye majahazi, wakaenda na upepo wa kusi mpaka Uarabuni na Ghuba, wakakaa huko miezi kungoja kaskazi iwarudishe. Miezi mizima ugenini, kwenye lugha ya watu na vyakula vya watu, na mwenye nyumba ni mwingine. Walikuwa na adabu ya ugeni. Sisi wajukuu zao tumekaa na nusu ya adabu: tumebaki na ile ya mwenyeji, ile ya mgeni tumeisahau. Leo nataka kuizungumzia ile nusu iliyopotea.

Jambo la kwanza litakalowapata ni la ulimi.

Nilifika baada ya siku tatu njiani. Wakati huo barabara ya kutoka Mokowe kwenda Garsen haikuwa lami, nyinyi wa sasa hamkuyaonja yale mashimo. Chumbani tulikuwa wanne: Mnandi, Mluhya wa Bungoma, Mkikuyu wa Nyahururu, na mimi. Jioni ya kwanza nikasema, "Naona ndaa." Wakatazamana. Nikarudia, "Ndaa, sijala tangu asubuhi." Wakaanza kucheka. Nikawauliza, kwa Kiamu changu cha kuzaliwa, "Mwateka nini?"

Nyinyi mumefahamu. Wao hawakufahamu. Kwao kuteka ni kuteka maji mtoni, au kumteka mtu nyara. Walianguka vitandani kwa kicheko. Halikuwa jambo la ubaya, sasa nalijua hilo, lakini usiku ule nililia ndani ya blanketi, na asubuhi yake nikaamua kuuficha ulimi wangu. Nikaanza kusema njaa, maji, macho, njia. Mama akipiga simu natoka nje kwenye baridi ili wasinisikie nikisema mai na mato na ndia. Miezi minane hivyo. Fikirieni: mtoto wa Amu, katika nchi ambayo lugha ya taifa ni Kiswahili, amejificha ili aseme Kiswahili.

Mwaka wa pili, rafiki wa mwenzangu wa chumba, anayesomea ualimu wa Kiswahili chuo kingine pale pale Eldoret, akaja na karatasi za tenzi za kale. Alikuwa na mtihani wiki ile. Akasema, "Haya maneno hatuyaelewi, mwalimu ametuambia ni lahaja ya Kiamu." Akaanza kusoma: nti, mato, ndia, yeo. Akafika mahali pameandikwa teka. Akakwama. "Hapa wanateka nini?"

Chumba kikanyamaza. Yule Mnandi akanitazama. Nikasema, "Hapo si kuteka nyara. Wanacheka."

Tulikaa mpaka saa sita za usiku. Neno ambalo nililizika kwa aibu, mtu alikuwa amesafiri kuja kuliuliza. Yule msichana alirudi tena na tena, na kila mara alikuja na wenzake.

Vijana, msiufiche ulimi wenu. Na papo hapo, msiufunge kwa ndimi za wenzenu. Mimi nilichelewa. Nilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kujifunza kusema Chamgei, ile salamu ya Wakalenjin, na Kongoi, yaani ahsante. Siku niliposema Kongoi kwa mama aliyekuwa akiniuzia mboga kila wiki, aliacha kupanga sukuma wiki zake, akaniuliza, "Wewe unatoka wapi?" Kila wiki nilimlipa, na hakuwahi kuniuliza.

Jambo la pili ni la mkono na sahani na swala. Hapa kwetu mwanamke hampi mkono mwanamume asiye maharimu wake. Kule watu hupeana mikono kutwa: asubuhi, mchana, mkikutana mlangoni, mkiachana mlangoni. Mwalimu wangu mmoja, mtu mzima, alininyooshea mkono mbele ya darasa. Nikarudisha wangu nyuma, nikainama, sikusema neno. Uso wake ukabadilika. Nikajiona nimeshika dini. Yeye aliona nimemdharau mbele ya wanafunzi wake.

Nani alikosea? Nimelifikiria swali hilo miaka. Jawabu langu ni kwamba nilikuwa na haki ya kutompa mkono, lakini sikuwa na haki ya kumwacha bila maneno. Mgeni ndiye mwenye kueleza. Nilimwendea ofisini kesho yake, nikaweka mkono kifuani, nikamwambia, "Mwalimu, kwetu heshima yangu kwako naionyesha hivi." Akanyamaza kidogo, akaweka na yeye mkono kifuani. Mpaka namaliza chuo, tulisalimiana hivyo. Wenzangu darasani wakamwiga.

Kuhusu chakula sitawachosha. Ulizeni kwa adabu nyama imechinjwa na nani. Msiulize kwa uso wa kinyaa. Mayai yapo, maharagwe yapo, samaki wapo, na mboga za kule, saga na mrenda, zina ladha ukizipa nafasi. Mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, usiyakunjie uso mbele ya mama aliyekupa. Sweta chukueni mbili na soksi nyingi. Mvua ya mawe itawashtua, lakini hupita. Msikiti upo mjini, na karibu kila chuo kina jumuiya ya wanafunzi Waislamu, itafuteni siku ya kwanza, msingoje mwezi wa tatu. Na nyinyi wavulana, mnajua ninachotaka kusema. Kule hapana mzee barazani wa kukuita kwa jina la baba yako. Utakuwa wewe na nafsi yako.

Lakini la swala nataka kulikalia kidogo, maana ndilo linalowasumbua mama zangu waliokaa pale nyuma.

Ramadhani ya 2015 ilianza katikati ya Juni, nikiwa chuoni. Siku ya kwanza, jioni, simu ikalia. Mama. "Mwanangu, kushaadhini, futuru." Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi. Nikamwambia, "Mama, huku bado." Akashtuka, akadhani nimechanganyikiwa kwa njaa.

Hatukuchanganyikiwa sisi wawili. Amu iko mashariki na Eldoret iko magharibi. Jua huanza kuchomoza kwetu, na kwetu huanza kuzama. Mwezi wa Juni, kati ya magharibi ya Amu na magharibi ya Eldoret kuna kama dakika 25. Mimi nilikuwa nimesoma jiografia miaka minne sekondari na sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipofunga ugenini.

Siku ya pili mama akapiga tena. "Bado?" "Bado, mama." Siku ya tatu akasema, "Basi nangoja." Nikadhani ni maneno tu ya mama.

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, baada ya Idi. Mwezi mzima mama alifungua kwa tende moja na maji, kwa kuwa kufuturu huharakishwa, kisha akauvuta uji wake pembeni. Baba akala, ndugu zangu wakala. Yeye akasali magharibi, akakaa karibu na simu. Zikitimia zile dakika, ananipigia, anasikia mimi nasema Bismillahi, ndipo anakula. Mbaazi zimepoa, mahamri yamepoa. Siku 30 mama yangu aliishi kwa jua la Eldoret.

Mama zangu, mwaniuliza binti atalindwa na nani huko? Mimi nililindwa na dakika 25. Kila jioni nilijua kuna mtu Amu ameacha sahani yake kwa ajili yangu. Mtoto anayejua hilo, mumwache aende. Na kwenye daku? Yule Mnandi, Mkristo, aliweka kengele kwenye simu yake, kwa kuwa alijua mimi yangu siisikii. Alinitikisa bega saa kumi usiku, akageuka akalala tena. Sikumwomba.

Sasa nafika mahali pazito. Naombeni mnivumilie, maana nitasema polepole.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia chuo kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi.

Wale wanafunzi walikuwa nani? Walikuwa kama nyinyi. Walipata barua kama zenu. Wengi walitoka bara, wakapangiwa Garissa, mbali na kwao, kwenye joto wasilolizoea, kwa watu wa dini nyingine na lugha nyingine. Na kuna baba aliyewaambia nenda, mwanangu. Kuna mama aliyewanunulia mkoba. Walikuwa wageni, wamelala. Na waliowaua wakadai wamefanya kwa jina la dini yangu mimi.

Ijumaa yake ilikuwa ni Ijumaa Kuu. Nilikuwa nimealikwa na yule mwenzangu kwenda kwao Nandi, upande wa Mosoriot, kwa sikukuu ya Pasaka, maana Amu ni mbali kwenda na kurudi kwa siku nne. Nguo zilikuwa zimeshapangwa. Alhamisi jioni, baada ya kusikia redio, nikafungua mkoba nikaanza kuzitoa, moja moja. Mwenzangu akaniuliza, wafanya nini? Nikasema, siwezi kwenda kwenu na mtandio huu. Wiki hii siwezi.

Hakubishana na mimi. Alimpigia simu mama yake, akasema naye kwa Kinandi, kisha akanipa simu. Yule mama hakuwa na Kiswahili kingi. Akasema: "Kitanda nimetandika. Kuja."

Tukaenda. Ndani ya matatu mtu mmoja alisema kwa sauti, akinitazama, "Hawa ndio." Mama aliyekaa karibu yangu akahamia kiti cha nyuma. Mwenzangu akakaa pale alipoondoka yule mama, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya paja lake, akaushika mpaka tukashuka. Hakusema neno njia nzima, na mimi sikusema.

Usiku ule alikuja jirani. Mwanawe alikuwa mwanafunzi Garissa, na mpaka saa hiyo hakuwa na habari zake. Alikuja kusikiliza redio ya nyumba ile kwa sababu yake imekwisha betri. Akaingia, akaniona. Akasimama pale pale mlangoni.

Ningesema nini? Ningemwambia dini yangu haikuamrisha? Ningemwambia na sisi Lamu tumezika, kwamba Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vyake waliuawa watu zaidi ya 60? Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lingekuwa la kujitetea mbele ya mzazi asiyejua kama mwanawe yu hai. Nikasema, "Pole, baba." Basi. Akakaa. Mama mwenye nyumba akamimina chai vikombe viwili kutoka chupa moja, kimoja akampa yeye, kimoja akanipa mimi. Tukaisikiliza redio, sote, mpaka usiku sana.

Asubuhi nilipoamka, yule mama alikuwa nje amesimama na majembe matatu. Mvua ilikuwa imeanza na mahindi yalitaka kupandwa. Moja akampa binti yake, moja akabaki nalo, moja akaninyooshea mimi.

Nyinyi nyote mwaijua methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaisema kama kwamba ni ya kumchosha mgeni aondoke. Mimi sikungojewa siku ya tatu. Nilipewa jembe asubuhi ya kwanza, katika wiki ile, na nililipokea nikilia. Kwa sababu mtu unayemshuku humpi jembe, masharifu. Mtu unayemshuku humpi mbegu zako za mwaka mzima azifukie ardhini mwako. Tulipanda mpaka adhuhuri: shimo, mbolea kidogo, udongo, punje mbili, udongo. Nilipouliza nisalie wapi, alinitandikia khanga chini ya mwembe... hapana, kule hakuna mwembe, ilikuwa mparachichi. Kuku wa sikukuu akamtuma kijana ampeleke sokoni kwa mzee mmoja Mwislamu amchinje, ndipo akapikwa, na nyumba nzima ikala kuku yule.

Mtoto wa yule jirani alipatikana hai. Wanafunzi walionusurika waliletwa Eldoret kuendelea na masomo, na yeye akawa miongoni mwao. Baba yake, kila akija kumtazama, alipita na kwetu kunijulia hali.

Sasa mtaniuliza: mateso yote hayo ya nini, na Kilifi ipo karibu? Sisemi Kilifi ni mbaya, na mwenye kupangiwa pale ashukuru. Nasema msibadilishe nafasi kwa sababu ya hofu tu. Chuoni walinipeleka Kisumu, ufuo wa Dunga, kuangalia uvuvi wa omena. Wale wavuvi huvua usiku, kwa taa, na samaki huifuata taa. Nikamuuliza mzee mmoja, "Mwezi ukiwa mpevu mwapumzika?" Akanitazama akasema, "Nani amekuambia?" Hakuna aliyeniambia. Mwanga wa mwezi hushinda taa, na mtoto wa mvuvi hulijua hilo. Mzee akanipa kigoda chake nikae. Nikamweleza kuhusu bamvua na maji mafu, yaani bahari ikijaa sana na ikijaa kidogo, na kwamba kwetu bahari hutoka na kurudi mara mbili kwa siku. Hilo alikataa kuliamini. Ziwa halitoki, alisema. Tulikaa saa nzima, Mjaluo na Mwamu, tukifundishana maji.

Na elimu ile nimerudi nayo wapi? Hapa. Mnakumbuka mwaka 2018, Mahakama Kuu ilipoamua wavuvi wetu kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari? Uamuzi ule haukuja kwa kilio peke yake. Mahakamani watu huuliza: samaki wangapi, mikoko kiasi gani, matumbawe yameumia wapi, mwaka gani? Ni nani atakayejibu maswali hayo, safari ijayo, akiwa amezaliwa Matondoni au Siyu? Leo nikikaa na BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, baba yangu huzungumza juu ya mkondo na mimi huandika tarakimu, na hakuna kati yetu awezaye kuifanya kazi ya mwenzake.

La mwisho ni lenu, wenyeji, na huenda mkanikasirikia.

Tumezungumza habari za watoto wetu waendao kwa watu. Je, watoto wa watu waliokuja kwetu? Kuna muuguzi hapa mjini, ametoka bara, amepanga chumba mtaa wa Langoni. Kuna mwalimu wa hisabati kule kisiwani Pate, ametoka Kisii. Baada ya 2014 wengi wa wenzao waliomba uhamisho, na darasa zetu zikabaki hazina walimu. Hawa wamebaki. Naomba kila mmoja ajiulize hapo alipokaa: huyo muuguzi aliyekudunga sindano, aliyemzalisha binti yako, ameingia nyumba ngapi za Amu? Ameketi kwenye masinia mangapi? Twamwita mtu wa bara mpaka siku anapoondoka, na jina lake hatulijui.

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija. Alikuja hapa kijana, mgeni, akakaa na watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao, akawafundisha. Leo Riyadha, msikiti wake, ni yetu, Maulidi ni yetu, na hakuna anayethubutu kumwita mgeni. Waliompokea siku zile walipata nini, na sisi tungekosa nini lau wangemfungia mlango?

Mwenzangu wa chumba, yule Mnandi, alikuja Amu Mei 2019, ndani ya Ramadhani. Asubuhi ya kwanza alitoka barazani, maji yametoka, vyombo vimelala ubavu kwenye tope. Akaniuliza kwa hofu, "Bahari imeenda wapi?" Nikamwambia ngoja. Alikaa pale pale mpaka ikarudi, hakutaka kuondoka.

Siku ya tatu baba yangu alimwita, hakumpa jembe, akampa ncha moja ya wavu uliochanika na sindano ya kushonea, akamwonyesha fundo mara mbili. Baba yangu yule yule aliyeuliza kama samaki wa huko wapanda milima. Walishona pamoja mpaka alasiri. Siku hiyo mwenzangu alikuwa ameamua kufunga na sisi, mtu hakumwambia.

Ikaadhiniwa. Mama akampa tende, akampa maji. Alipomaliza kunywa akachukua simu, akampigia mama yake Mosoriot. Nikamsikia anasema, "Mama, huku jua limeshazama."

Na yule mama, kwa Kiswahili chake kile kile, akajibu kwa sauti tuliyoisikia sote kwenye mkeka: "Huku bado liko shambani. Nyinyi kuleni."

Ahsanteni kwa kunisikiza. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.